Jasho Halitoi Pombe

Jumapili saa mbili asubuhi uwanja wetu hapa Umoja hunuka pombe kabla haujanuka vumbi. Hakuna iliyomwagika. Harufu hutoka kwa pumzi za wanaume kumi na wanane waliokaa chini wakivaa soksi, wengine wakiinama kwa viatu muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusimama. Kocha, ambaye siku za wiki ni fundi wa mabomba, hupiga makofi na kusema yale anayosema kila wiki: "Haya wazee, tutoe jasho. Jana itoke."

Jana itoke. Kwa imani yetu pombe hukaa chini ya ngozi kama maji kwenye sponji, na ukikimbia vya kutosha inakamuliwa. Ukishalowa shati umelipa. Deni limeisha, na saa tano uko huru kufungua lingine.

Mimi ndiye katibu wa hii timu. Sikuchaguliwa kwa sababu ya mpira. Mguu wangu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Nilipewa daftari kwa sababu eti nilienda kampo. Kwamba niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma halikuwasumbua wazee. Kwao mwaka mmoja na nusu wa chuo kikuu ni elimu tosha ya kuandika nani amelipa mia ya refa, nani amecheza dakika ngapi, na nani ametoka kwa sababu gani.

Kazi inayonilipa ni kuandikia watu mtandaoni. Wakati mmoja mteja wa ng'ambo mwenye tovuti ya mazoezi alinipa makala kuhusu pombe na misuli. Pesa zenyewe zilikuwa za unga na bando, lakini ilibidi nisome, na nilichosoma kimenifanya nisiweze kumsikiliza Kocha na uso mkavu.

Hesabu ni rahisi. Chupa ya bia ya kawaida hapa Kenya ni mililita 500, na kileo chake ni kama asilimia 4.2. Hizo ni karibu gramu 17 za kileo kitupu. Ini la mwanaume wa kawaida huvunja gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi. Haliharakishwi na kahawa, wala supu ya mifupa, wala maji baridi ya kichwani, wala kukimbia. Zaidi ya asilimia 90 ya kileo hupitia hapo kwa ini; kinachotoka kwa jasho, pumzi na mkojo ni masazo. Sasa mchukue mtu aliyeanza Jumamosi saa kumi na mbili jioni, akapiga chupa nane kufikia saa sita usiku. Kwetu nane ni mtu aliyetulia. Ini lake likiwa la mbio, litamaliza kazi saa moja na kitu asubuhi. Likiwa la polepole, saa saba mchana. Mechi inaanza saa mbili. Kwa hivyo nusu ya timu haijafika kwenye hangova bado. Nusu ya timu imelewa.

Hapo hujagusa mambo mengine. Kileo huzuia homoni inayoambia figo zishike maji, ndiyo maana usiku kucha mlango wa choo haufungwi, na mtu huingia uwanjani akiwa mkavu kama kuni. Usingizi wa pombe nao ni wa gunia: unaangushwa tu, haupumziki. Halafu kuna ule utafiti wa 2014 uliochapishwa katika jarida la PLoS ONE. Walichukua wanaume wanane wenye mazoezi, wakawafanyisha kazi ngumu, kisha wakawapa pombe nyingi, kiasi ambacho mtaani kingeitwa Jumamosi ya kawaida. Misuli ilipaswa kujijenga upya baada ya zoezi. Kwa waliokunywa na kupewa protini, ujenzi huo ulishuka kwa asilimia 24. Kwa waliokunywa na kupewa wanga tu, asilimia 37. Ukiisoma vizuri unaona kwamba kosa letu si kunywa Jumamosi peke yake. Tunakimbia Jumapili asubuhi, halafu tunachukua ile faida ndogo ya kukimbia na kuizika kabla ya chakula cha mchana.

Niliwahi kuwaeleza haya wakati wa mapumziko, tukinyonya machungwa. Winga wetu, kijana mwenye kasi na maneno, alinijibu bila kuinua kichwa: "Katibu, Rono alivunja rekodi ya dunia na hangova."

Na hapo ndipo ubishi huisha siku zote, kwa sababu Winga hadanganyi. Henry Rono, yule Mnandi, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi, mita 10,000 na mita 3,000. Na mwaka 1981 pale Knarvik, Norway, akavunja tena yake mwenyewe ya mita 5,000, dakika 13 na sekunde 6.20. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa amelewa usiku wa kuamkia siku hiyo, na asubuhi akakimbia saa nzima kujitoa ulevi. Mtaani hadithi hukatwa hapo. Rono ndiye mtakatifu wetu wa kutoa jasho.

Hakuna anayeendelea na ukurasa wa pili. Ile ya Knarvik ndiyo iliyokuwa rekodi yake ya mwisho ya dunia. Alikuwa na miaka 29. Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia za 1976 na 1980, na jambo hilo silo la pombe, ni la siasa, ingawa mtu anaweza kuelewa kama lilimpa kiu. Yaliyofuata aliyasema wazi, bila kujificha: kuingia na kutoka kwenye vituo vya kurekebisha walevi huko Marekani, kulala kwenye makao ya wasio na nyumba, kubeba mizigo ya wasafiri kwenye uwanja wa ndege. Aliishinda pombe baadaye, akafundisha wengine kukimbia, akarudi nyumbani, na alifariki Februari 2024. Nampenda Rono kuliko Winga anavyompenda. Lakini mtu aliyekuwa na mapafu bora zaidi duniani kutoroka hangova mara moja si ushahidi kwamba fundi wa friji kutoka Umoja mwenye kitambi atafanya hivyo kila wiki.

Kitambi nacho. Kwa wazee wetu kitambi kilikuwa barua ya benki: huyu anakula. Kwetu kimebaki na heshima hiyo hiyo, ila anayekilipia ni yule yule anayelia hana nauli. Gramu moja ya kileo ina kalori 7, karibu sawa na mafuta yenye 9, na ukichanganya na wanga wa bia, chupa moja ni kama kalori 200. Nane ni 1,600. Saa moja ya mpira wa mtaa huchoma mia tano, ukijituma mia saba. Na kwa vile mwili huona kileo kama sumu, ini huacha kazi zote kukishughulikia hicho kwanza. Mafuta ya mutura na choma yanapangwa kando, na pa kupanga ni tumboni, kuzunguka viungo vya ndani. Baada ya miaka kadhaa ya kunywa hivyo, homoni za kiume nazo hushuka. Wanaume huwa hawasemi hili mpaka chupa ya nne, na hata hapo husema kwa niaba ya rafiki. Kuna rafiki wa mtu kwenye timu yetu ambaye jogoo wake amekataa kupanda mtungi, na cha ajabu ni kwamba rafiki huyo hana jina, ila kila mtu amewahi kumuulizia dawa.

Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia pombe. Timu yetu imejitolea kunywa kwa niaba ya wale saba.

Sasa kaka yangu.

Bro ndiye beki wetu wa kati. Ana miaka 34, mimi 26. Timu humwita Ukuta. Siku za wiki huuza spea za magari Grogan, na mikono yake ina grisi ambayo sabuni ilishakubali yaishe. Akiwa na miaka 20 alicheza Koth Biro pale uwanja wa Umeme, Ziwani, watu wamejaa hadi kwenye mstari, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la sita nikimshikia begi. Kitu ninachokumbuka ni alivyokuwa akigeuka. Mshambuliaji akimpita bega, Bro aligeuka kama mlango uliotiwa mafuta, na mpira ukawa wake bila kelele.

Daftari langu linajua alivyoacha kugeuka. Mechi zetu ni dakika 80. Mwaka wa kwanza nikiwa katibu, mbele ya jina lake kuna 80 ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka uliofuata zinaanza kuingia 60, na pembeni, "goti". Halafu 45, "baridi". 40, "goti". 30, "viatu". 25, "chakula kibaya". Sababu niliandika kama alivyonitajia, kwa maneno yake, akiwa ameshika kiuno na uso umepauka. Na si yeye tu. Nimelisoma daftari lote, kurasa za miaka mitatu. Kuna mgongo, kuna umri, kuna jua, kuna maji ya mfereji, kuna mke aliyekataa kupika. Wanaume kumi na wanane, miaka mitatu, na kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi za timu pombe haijawahi kumuumiza mtu.

Ilikuwa Jumapili baada ya mwisho wa mwezi. Dakika ya kumi na mbili alisimama katikati ya uwanja, mkono kifuani, kama mtu anayetafuta simu mfukoni. Nilidhani ni mbavu. Nilipomfikia aliniambia, "Inaruka. Haipigi, inaruka." Niliweka kiganja. Ilikuwa kweli: moyo ulikuwa ukienda kama pikipiki inayokataa kuwaka, tatu za haraka, kimya, moja, mbili, kimya kirefu. Tulimpakia bodaboda akiwa katikati yangu na dereva, njumu bado miguuni.

Daktari aliyempokea alikuwa msichana wa rika langu, mtulivu. Presha ilisoma 168 kwa 104. Moyo alituchorea kwa karatasi: vyumba viwili vya juu vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga. Akaniambia madaktari wa Marekani waliwahi kulipa jambo hili jina mwaka 1978, moyo wa likizo, kwa sababu waliona watu wasiokuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana wakiletwa hivyo baada ya wikendi na sikukuu za ulevi. Kisha akamgeukia.

"Unakunywa?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?"

Bro alinyamaza. Nimeishi na Kiswahili maisha yangu yote na sijawahi kuona neno moja likimgeuka mtu hivyo. Sote hunywa kiasi. Hakuna aliyewahi kuulizwa ni kiasi kipi. Shemeji, aliyekuwa amefika mbio na ndala za kuogea, ndiye aliyejibu kutoka mlangoni.

"Daktari, andika kila siku isipokuwa Jumanne."

"Jumanne kuna nini?"

"Jumanne hulala mapema."

Moyo ulirudi kwenye mdundo wake usiku huo. Walimweka siku mbili, wakampa dawa za presha na onyo lisilo na maua: akiendelea hivyo, kutetemeka kutarudi, na damu inayozunguka bila mpangilio kwenye vile vyumba inaweza kuganda na kupanda kichwani. Kiharusi. Ana watoto wawili, mdogo yuko PP1. Alitoka hospitali akiwa mtu mwingine, au tuseme mtu mwenye woga, na kwa mwanaume wa miaka 34 hicho ni kitu kimoja.

Timu ilimchangia. Nilifungua kikundi cha WhatsApp, pesa zikaingia kwa simu yangu, na ndani ya siku tatu tulikuwa na shilingi 23,400. Kocha alitoa elfu mbili, ambazo najua hakuwa nazo. Winga alitoa elfu moja na mia tano na akakaa naye hospitalini usiku mzima kwenye kiti cha chuma. Nayasema haya kwa sababu ni rahisi kuandika juu ya walevi kana kwamba hawana moyo. Mchango wenyewe ulitangazwa baani, kama mambo yetu yote, na watu wakapigiana makofi, na mtu akaagiza raundi ya kumtakia Ukuta afya njema.

Baa yetu iko mtaa wa pili kutoka uwanjani. Ile sheria ya 2010, tunayoiita ya Mututho, inasema wikendi baa ifungue saa nane mchana. Yetu ina mlango wa nyuma. Huko nyuma kuna viti vya plastiki, na viti hivyo ndivyo vilivyotulea. Ni pale Winga alisema amefutwa kazi kabla hajamwambia mkewe. Ni pale Kocha alimlilia mamake. Kazi ya Grogan Bro aliipata kutoka kwa mtu aliyekuwa amekaa mkono wake wa kushoto, na mimi mteja wangu wa kwanza nililetewa na binamu ya kipa, tukiwa hapo hapo. Mimi hunywa mbili nikaondoka, na isidhaniwe ni busara. Ni mfuko wa mwandishi asiye na mshahara. Lakini hata kwa mbili najua ninachokifuata. Uwanjani hatuongei. Tunapigana kelele. Kuongea ni baadaye, chupa ikiwa mkononi, kwa sababu chupa humpa mwanaume kitu cha kutazama wakati anasema jambo linalouma.

Jumapili ya kwanza baada ya hospitali Bro alikuja akaagiza soda. Aliwekewa pale mezani, nyekundu, na mrija. Mrija ndio uliomaliza kila kitu. "Ukuta, uko kwa dawa?" Ni kweli alikuwa kwa dawa, kwa hivyo walicheka, na yeye akacheka. "Umeokoka?" "Ama una mimba?" Hakuna aliyekuwa na ubaya. Jumapili ya pili alichomoa mrija mwenyewe kabla ya kukaa. Bili ilipokuja iligawanywa sawa, kama kawaida yetu, akalipa mia nane kwa soda mbili. Mimi ndiye hupiga hesabu; nilimwambia mtu wa kaunta aitoe yake kando, na Bro akanishika mkono chini ya meza. Hakutaka. Kulipa sawa ndicho kitu cha mwisho alichokuwa anafanya kama wengine.

Jumapili ya tatu hakuja.

Kila mtu ana ushauri kwa mwanaume anayetakiwa kuacha pombe, na mwingi ni wa mwili: kunywa maji, kula mboga, tembea nusu saa. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na sina ubishi nao. Lakini hakuna aliyemwambia Bro ataketi wapi. Nimemtafutia. Kuna jim ya mtaa nyuma ya soko, vyuma vya ekseli na makopo yaliyojazwa simiti, wasee wazuri sana, ila jim haina viti. Ukimaliza seti unampisha mwingine. Kuna bezi ya vijana, na huko ni muguka kutwa. Kuna kanisa la shemeji, na amekwenda mara mbili, akaniambia kwaya ni nzuri lakini hakuna mtu wa kuuliza kuhusu gia ya Probox. Kwa wiki sita mwili wake umekuwa ukipona: presha imeshuka hadi 138 kwa 88, mshipi umerudi tundu mbili, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe watoto wake wamemwona akiamka kabla yao Jumapili. Anatembea jioni kutoka Grogan mpaka nyumbani badala ya kupanda gari. Shemeji anafurahi, na anaogopa. "Haongei," aliniambia jikoni akichuja chai. "Shem, zamani alikuwa anarudi amelewa lakini na hadithi. Sasa anarudi tu."

Kocha naye ana mpango. Anataka tuhamishe mechi iwe Jumapili jioni, tukimaliza kila mtu aende kwake kujiandaa na Jumatatu. Alileta hoja hiyo kwenye kikundi, na kati ya watu kumi na wanane alijibiwa na kidole gumba kimoja, changu. Winga aliandika, "Na tutaongea saa ngapi?" Hakuna aliyemjibu huyo pia.

Siku hizi mechi ikiisha napitia kwa Bro na daftari kabla ya kwenda popote. Namsomea. Anataka kila kitu: nani alianza, nani alilegea, nani alipigwa chenga. Jumapili iliyopita alikuwa anamkatia mtoto kucha sebuleni, na nilipomaliza kusoma aliuliza, bila kuinua macho, kama walikaa kona ile ile.

"Ile ile."

"Kiti changu nani alikaa?"

"Winga."

Akakata ukucha mwingine, akaupuliza. "Mwambie mguu mmoja umelegea. Asiegemee upande wa ukuta."